Kuisimamisha Ndege ya Rimoti Wima Angani

Ndege ya rimoti ikisimama wima angani, pua juu na mkia chini, mtazamaji hudhani imetulia. Haijatulia. Kila wakati inataka kuangukia upande mmoja au mwingine, na aliyeshika rimoti anaiwahi kabla waliosimama pembeni hawajaona kitu. Ufundi wote uko katika kuwahi. Na kwa kuwa hakuna anayewahi kila mara, hasa mwanzoni, mwongozo huu unatanguliza jambo ambalo wengi hulijua baada ya kuvunja ndege: jinsi ya kutoka. Jifunze kutoka kwenye wima kabla hujajifunza kukaa humo.

Namwandikia mtu ambaye tayari anaweza kurusha ndege yenye aileroni, kuzunguka nayo uwanja pande zote mbili, kuigeuza chali kwa muda mfupi, na kuitua bila kuiumiza. Kama bado hujafika hapo, fika kwanza. Zoezi hili halina njia ya mkato, na anayelianza mapema hujifunza zaidi kutumia gundi kuliko kurusha.

KWA NINI INASIMAMA

Katika mruko wa kawaida mabawa ndiyo yanayobeba ndege. Ukiinua pua hadi ndege ikasimama wima na kasi ya kwenda mbele ikaisha, mabawa hayabebi tena kitu. Uzito wote unaning'inia kwenye propela. Hapo mambo matatu hubadilika, na ukiyaelewa haya matatu utajua sababu ya kila hatua inayofuata.

La kwanza ni nguvu. Mota lazima ivute zaidi ya uzito wa ndege. Ikivuta sawasawa na uzito, ndege itasimama lakini haitaweza kupanda kutoka hapo, yaani huna mlango wa kutokea. Kiasi kinachofaa kwa mwanafunzi ni mvuto wa mara 1.5 ya uzito au zaidi. Ndege ya gramu 450 inahitaji mota inayovuta gramu 675 kwenda juu.

La pili ndilo linalowaponza wengi. Ndege ikiwa wima haina kasi, kwa hiyo hewa pekee inayopita kwenye elevata na usukani ni ile inayosukumwa nyuma na propela. Ukipunguza nguvu sana, hupotezi kimo tu: unapoteza pia uwezo wa kuiongoza. Mkono unaoshika nguvu ndio unaoupa mkia upepo wa kufanyia kazi.

La tatu ni kujisokota. Propela nyingi huzunguka kwa mwendo wa mshale wa saa ukizitazama kutoka nyuma ya ndege, na mota inapoisukuma propela upande huo, mwili wa ndege husukumwa upande wa pili. Matokeo yake ndege iliyo wima hutaka kujiviringisha kwenda kushoto kwake. Dawa ni aileroni ya kulia.

Tatizo hili liliwakabili hata waliojaribu kwa ndege kubwa yenye mtu ndani. Mwaka 1954 nchini Marekani, rubani James Coleman alipaa na Convair XFY Pogo, ndege iliyokaa chini kwa mkia. Alipanda nayo wima, akailaza ikaruka kama ndege nyingine, kisha akairudisha wima na kuitua kwa mkia. Wahandisi waliipa propela mbili kwenye mhimili mmoja, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake, ili msokoto wa moja ufutwe na wa nyingine. Kupanda kulikuwa afadhali. Kushuka ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu rubani alilazimika kutazama nyuma juu ya bega lake huku akikadiria anashuka kwa kasi gani. Mradi ukaachwa. Wewe una propela moja tu, lakini una faida ambayo Coleman hakuwa nayo: unaiona ndege yako yote kutoka nje.

NDEGE INAYOFAA

Chagua ndege ya sarakasi ya foamu laini aina ya EPP, yenye upana wa mabawa wa sentimita 80 hadi mita 1 na uzito usiozidi gramu 500 hivi. Nyingi huchukua umbo la Extra 300 au Edge 540, ndege halisi za mashindano ya sarakasi. EPP hupinda badala ya kuvunjika, na ikibonyea unaweza kuimwagia maji ya moto ikajivimbisha tena. Foamu nyeupe ya kufungashia vifaa vya umeme hupasuka kwa anguko moja, iache.

Angalia pia sehemu zinazosogea. Elevata na usukani ziwe kubwa, na aileroni zianzie karibu kabisa na kiwiliwili, kwa sababu upepo wa propela hupita karibu na kiwiliwili tu. Aileroni zilizo kwenye ncha za mabawa pekee hazitakusaidia kitu ndege ikiwa wima.

Kwa ndege ya kiasi hicho, betri ya lipo ya seli 3 (volti 11.1) yenye mAh 850 hadi 1300 inatosha. Propela iwe pana na yenye hatua fupi. Kwenye propela iliyoandikwa 10x4.7, namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Hatua ndefu ni ya ndege za mbio. Hapa unataka kusukuma hewa nyingi polepole, na mota ikujibu papo hapo unapogusa kijiti.

Baadhi ya rimoti za leo huuzwa na risiva yenye jairo ya kutuliza ndege. Ushauri wangu ni uizime unapojifunza. Jairo hukufichia mwanzo wa anguko, na mwanzo huo ndio unaotakiwa kuuona. Ikifika mwisho wa uwezo wake ndege huanguka yote kwa pamoja, nawe macho yako hayajazoea kusoma dalili. Utaiwasha baadaye siku za upepo, ukitaka.

Kupima mvuto wa mota

1. Pima uzito wa ndege pamoja na betri kwenye mizani ya jikoni.
2. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Ifunge kwenye nguzo au mguu wa meza nzito.
3. Funga mkia wa ndege kwa kamba imara kwenye ndoano ya mizani. Ndege ilale juu ya sakafu laini, pua ikitazama mbali na nguzo, na mbele yake pasiwe na mtu wala kitu.
4. Betri ikiwa imejaa, fungua nguvu yote kwa sekunde 3, msaidizi asome mizani akiwa nyuma ya ndege.
5. Gawanya mvuto kwa uzito. Ukipata chini ya 1.5, badilisha propela au mota kabla ya kuendelea. Ukipata 1.5 au zaidi, uko tayari.

KUIPANGA NDEGE

Chukua kipimapembe kutoka kwenye mkebe wa hesabu wa mtoto wa shule. Elevata na usukani vifike nyuzi 45 kila upande, aileroni nyuzi 30 hadi 40. Mwendo mkubwa namna hiyo huifanya ndege iwe kali sana kwenye mruko wa kawaida, kwa hiyo weka viwango viwili kwenye swichi moja: kidogo cha kupaa na kutua, kikubwa cha mazoezi ya wima. Kwenye kiwango kikubwa weka ekspo ya asilimia 50 hadi 60, ili kijiti kiwe laini karibu na katikati na kikali mwishoni.

Kisha kitovu cha uzito. Anza pale mtengenezaji alipoonyesha. Rusha juu, geuza ndege chali, uone inataka nini. Ikidondosha pua kwa nguvu na kukulazimisha kusukuma elevata sana, pua ni nzito: rudisha betri nyuma milimita 5, ujaribu tena. Ikipanda yenyewe ikiwa chali, umepitiliza, irudishe mbele. Unatafuta ndege inayohitaji msukumo mdogo tu wa elevata ikiwa chali.

Bado mwelekeo wa mota. Panda wima kwa nguvu yote, bila kugusa usukani, utazame pua. Ikielemea kushoto kwa ndege, mota inahitaji kutazama kulia zaidi. Weka washa nyembamba nyuma ya skrubu za upande wa kushoto wa mota, urudie hadi njia ya kupanda inyooke. Wengi huliruka jambo hili, kisha hupambana na usukani siku zote wakidhani mikono yao ndiyo mibovu.

Mwisho, shika elevata kwa vidole viwili na kuichezesha. Ikicheza milimita kadhaa servo ikiwa imetulia, tundu la plastiki limelika au waya umelegea. Rekebisha. Ndege yenye mchezo mkiani haiwezi kukaa wima hata kwa fundi.

┌ KABLA YA KURUSHA ┐

☐ Kibali. Vyombo visivyo na rubani viko chini ya mamlaka za usafiri wa anga: KCAA Kenya, TCAA Tanzania. Uliza masharti mapema, tena kabla ya kuagiza ndege kutoka nje, na usirushe karibu na kiwanja cha ndege.
☐ Uwanja wazi, hakuna watoto, mifugo wala nyaya za umeme. Watazamaji wote wawe nyuma yako.
☐ Propela haina ufa. Yenye ufa huvunjwa na kutupwa, haigundishwi.
☐ Propela ikiwa imetolewa, washa mota polepole kisha zima rimoti: mota lazima isimame. Isiposimama, panga upya usalama wa risiva.
☐ Rimoti huwashwa kwanza, betri ya ndege baadaye. Wakati wa kuzima, betri ya ndege hutangulia.
☐ Saa ya rimoti imewekwa dakika 4. Kukaa wima hula betri haraka kuliko mruko wa kawaida.
☐ Miwani ya kukinga macho kwa mtu yeyote anayeishika ndege mota ikiwa hai.

└──────────────┘

Kuhusu wakati: rusha asubuhi na mapema. Pwani upepo wa baharini huongezeka jua likishapanda, kwa hiyo kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi ndio wakati bora. Upepo mdogo ulio thabiti hausumbui sana. Upepo wa mapigo, unaokuja na kukatika, utakufundisha mambo ya uongo.

MGONGO NA TUMBO

Soma sehemu hii mara mbili. Naandika kwa rimoti iliyopangwa kama wengi wanavyoipanga: kijiti cha kushoto ni nguvu na usukani, cha kulia ni elevata na aileroni.

Ndege iliyo wima inaweza kukuelekezea mgongo, yaani upande wenye kibanda cha rubani, au ikakuelekezea tumbo. Ukiwa unairusha kwenda mbali nawe kisha ukavuta pua juu, mgongo ndio utakaokuelekea. Anza hivyo siku zote, kwa sababu kushoto kwa ndege ni kushoto kwako. Pua ikiangukia kushoto, gusa usukani kulia. Hakuna cha kufikiri.

Elevata ndiyo inayohitaji mazoea. Ikumbuke kwa mwili wa ndege, usiikumbuke kwa nafasi yako: pua ikilalia upande wa mgongo, sukuma, ikilalia upande wa tumbo, vuta. Sheria hii haibadiliki, ndege iwe imekuelekezea nini.

Tumbo likikuelekea, usukani hugeuka. Kushoto kwa ndege sasa ni kulia kwako. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kukisogeza kijiti kuelekea upande ambao pua inaangukia, kana kwamba unaweka gogo la kuizuia. Inaangukia kulia kwako, kijiti kulia. Usijaribu haya kwa wiki za mwanzo. Tumbo likijitokeza bila wewe kutaka, toka.

MAZOEZI, KWA MPANGILIO

Kama una kompyuta, anza na programu ya kuigiza urushaji, mfano RealFlight, ukitumia rimoti halisi yenye vijiti. Ndege inayoanguka kwenye skrini haigharimu kitu. Pale jifunze zaidi upande wa mgongo na tumbo, kwa kuwa hilo ndilo programu inalifundisha vizuri. Hisia ya nguvu utaipata uwanjani.

Zoezi la 1: Kutoka. Panda hadi mita 25 hivi, kimo cha jengo la ghorofa saba au nane. Kitu kilichoachiwa kutoka mita 25 huchukua zaidi ya sekunde 2 kufika chini. Kutoka mita 3 hakimalizi hata sekunde 1. Hizo sekunde ndizo unazinunua kwa kimo.

1. Ruka kwenda mbali nawe, uso kwa upepo.
2. Punguza nguvu hadi robo, vuta elevata taratibu hadi ndege iwe wima.
3. Mara tu inapopoteza mwendo, fungua nguvu yote na uishikilie wima.
4. Iache ipande mita 10 au zaidi, kisha ilaze na kuzunguka.

Hukusimama popote, na ndivyo inavyotakiwa. Rudia hadi mkono wa kushoto ufungue nguvu wenyewe kabla hujawaza. Tumia betri nzima kwa zoezi hili peke yake, kesho tena betri nzima. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiacha baada ya mara chache. Ninakusihi usiiache. Hofu inapokuja, kidole cha binadamu hutaka kuvuta nguvu chini, na ndege iliyo wima isiyo na nguvu haina usukani wala elevata. Inarudi nyuma kwa mkia, inapinduka, inapiga chini kwa pua. Unafundisha mkono kufanya kinyume cha hofu.

Zoezi la 2: Kutembea na pua juu. Kwenye kimo kilekile, punguza nguvu huku ukivuta elevata, hadi ndege itembee polepole ikiwa imeinua pua nyuzi 45. Sasa nguvu ndiyo inayopanga kimo, elevata inapanga mwinuko wa pua, na usukani ndio unaogeuza. Aileroni zitumie kuzuia mabawa yasitikisike tu. Zunguka uwanja mzima hivyo, kushoto na kulia. Ukichoka, fungua nguvu, utoke.

Hapa ndipo mikono hujifunza kazi mpya bila adhabu kubwa. Ndege bado ina mwendo kidogo, ukikosea inakusamehe.

Zoezi la 3: Kusimama kwa pumzi moja. Kutoka kwenye mwendo wa zoezi la 2, ongeza nguvu na elevata kidogo kidogo hadi nyuzi 45 ziwe 60, kisha 75, kisha wima kabisa. Mgongo ukuelekee. Ikisimama, shika kwa pumzi moja, kisha toka ingali nzuri. Usisubiri iharibike ndipo utoke. Ukitoka kila mara ikiwa imenyooka, mkono unakariri picha ya ndege iliyonyooka.

Sasa sikiliza. Nguvu haiwekwi mahali ikaachwa. Inapigwa kwa midundo midogo, juu kidogo, chini kidogo, bila kukatika, na kila mdundo unaupa mkia upepo mpya. Aliyezoea, mota yake hulia vum-vum-vum kwa mapigo mafupi ya karibu karibu. Anayeanza, mota hulia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena mrefu, na ndege hupanda na kushuka mita nzima kila mara. Ukiwa umesimama na mwenzako anayejifunza, funga macho usikilize, utajua anaendeleaje.

Vijiti vingine vyote hufuata kanuni moja: gusa, rudisha katikati. Ukigusa usukani na kuushikilia hadi uone ndege imerudi, umechelewa kuuachia, itapita kwenda upande wa pili. Bana ncha ya kijiti kwa dole gumba na kidole cha shahada badala ya kukilalia kwa dole gumba pekee. Mguso utakuwa mdogo zaidi.

Nyumbani jizoeze kwa kusimamisha fimbo ya ufagio juu ya kiganja. Utaona kwamba ukitazama kiganja inaanguka, na ukitazama ncha ya juu inasimama. Ndege nayo itazame puani na kwenye mstari wa kiwiliwili, kisha uulinganishe mstari huo na nguzo au mti ulionyooka nyuma yake. Macho yakihamia mkiani, unaona anguko likiwa limeshakomaa.

Zoezi la 4: Kurefusha, kisha kushusha. Ongeza muda kwanza: pumzi moja, mbili, tatu. Ukiweza kukaa sekunde 10 mara nyingi kuliko unavyoshindwa, shusha kimo hadi mita 15. Ukirudi sekunde 10 pale, shusha hadi 10. Chini ya hapo usiwe na haraka. Usipunguze kimo na kuongeza muda siku moja.

Ndege ikianza kujisokota kwenda kushoto, shika aileroni ya kulia kidogo na uiache hapo. Hii ndiyo pekee unayoruhusiwa kuishikilia. Ikiendelea kujisokota hata aileroni ikiwa mwisho, ama aileroni zako ni ndogo, ama mwendo wake haujafika nyuzi ulizopanga. Kapime tena.

┌ UKICHANGANYIKIWA ┐

Hujui mgongo uko wapi, au pua imelala zaidi ya nyuzi 30:

1. Fungua nguvu yote.
2. Acha usukani na aileroni katikati.
3. Kama tumbo linatazama chini, vuta elevata. Kama mgongo unatazama chini, sukuma.
4. Ikipata mwendo, ilaze na kupumua.

Ukiwa chini ya mita 3 na pua tayari inatazama ardhi, fanya kinyume: kata nguvu kabisa. Propela iliyosimama haivunjiki kirahisi, wala haimkati mtu.

└──────────────┘

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuanzia chini kwa sababu ndege inaonekana vizuri zaidi. Ni kweli inaonekana, kwa nusu sekunde.

Kurusha hadi betri iishe. Volti zikishuka, mvuto unashuka nao, na njia yako ya kutoka hupungua bila kukuambia. Sekunde za mwisho za betri ni za kutua tu. Mlio wa saa ukisikika katikati ya zoezi zuri, bado unatoka.

Kurekebisha kila kitu kwa pamoja. Ndege ikilala kushoto na mbele, anayeanza husogeza vijiti viwili kwa nguvu. Anza na ule mlalo ulio mkubwa, kwa mguso mmoja, kisha mwingine.

Kusimama ndege ikiwa juu ya kichwa chako au kati yako na jua. Iweke mbele yako, mita 20 hadi 30 kutoka uliposimama, jua likiwa mgongoni pako. Anayeiweka karibu ili aione vizuri husahau kwamba propela ya inchi 10 inakata vidole.

Na kununua ndege kubwa zaidi baada ya wiki moja ya mafanikio. Ndege kubwa hukaa wima kwa utulivu zaidi kuliko ndogo, hilo ni kweli, lakini bei ya anguko lake ni nyingine kabisa.

TUMBO LIKUELEKEE

Ukishaweza kukaa wima mgongo ukikuelekea kwa kimo cha mita 10, rudi mita 25 na uanze upya upande wa pili. Ruka kuja kwako kwa mbali, ukiwa na upepo mgongoni mwako ili ndege ije ikiupinga, vuta pua juu, tumbo litakuelekea. Pumzi moja, toka. Usukani kuelekea upande wa anguko. Elevata kwa sheria ileile ya mgongo na tumbo. Wengi huona sehemu hii inachukua muda mrefu kuliko ya kwanza, na ndivyo ilivyo, kwa sababu mkono umekwishakariri jambo moja na sasa unauambia lingine.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuachia aileroni kidogo na kuiruhusu ndege ijisokote robo mzunguko: mgongo, ubavu, uirudishe. Kisha nusu: mgongo, ubavu, tumbo, utoke. Ndege ikiwa ubavu, usukani huiyumbisha kuja kwako au kwenda mbali nawe, na macho hayapimi umbali vizuri kama yanavyopima kushoto na kulia. Mwanzoni usikae ubavu, pita tu.

UKIRUDI NYUMBANI

Kagua ubao unaoshika mota. Mazoezi haya huuvuta na kuutikisa kuliko mruko wa kawaida, na gundi ya moto hulainika ndege ikiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa. Ubao ukicheza hata kidogo, ubandue na kuubandika upya kwa epoksi. EPP huvumilia gundi ya kawaida ya kukauka haraka. Baadhi ya foamu za aina nyingine huyeyuka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande.

Betri iliyopiga chini iache nje, juu ya saruji, nusu saa kabla ya kuiingiza ndani. Iliyovimba haichajiwi tena. Betri nzima ichaji kwa ampea zinazolingana na uwezo wake, yaani ampea 1.3 kwa betri ya mAh 1300, wewe ukiwa chumba hichohicho. Kama hutarusha kwa siku kadhaa, usiiache imejaa wala tupu: iweke kwenye volti 3.8 kwa kila seli, ndani ya mfuko usioshika moto.